Jiwe Lililouma Kisu

Zaituni alipiga simu nikiwa nachambua mchele. Alinisalimia shikamoo kama alivyonisalimia siku zote, ingawa sasa yeye mwenyewe ana wajukuu, nami kwa sauti yake nikajua kabla hajasema. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Kwao maiti hangojei watu wa mbali, na mimi ni mtu wa mbali tangu nilipostaafu ualimu nikahamia Morogoro. "Usijisumbue na yaliyopita, Mwalimu," aliniambia. "Wewe njoo kwenye arobaini. Mama alisema uje." Nilimuuliza alisema lini. Akajibu kwamba alikuwa akisema kila mara, kama mtu anayekumbusha watoto kununua chumvi. Nilikaa na ungo mapajani kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini kwamba Mama Zaituni hakunisamehe wali wa harusi ya mwanawe, na nilikuwa nimeshazoea kuishi hivyo, kama mtu anavyozoea goti bovu. Sasa nikaambiwa alikuwa ananitaka, na nikalia mbele ya mchele.

Mwaka wa harusi hiyo ndio nilioanza kazi. Nilipangiwa kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari pembeni mwa mji wa Singida, na mwenyekiti wa mtaa akanipeleka kwa Mama Zaituni, mjane aliyekuwa na chumba cha uani cha kupangisha. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyochechemea, na dirisha la mbao lililofunguka kutazama jiwe. Nasema jiwe kwa mazoea ya wenyeji, maana mgeni angesema mlima. Singida majabali yamekaa katikati ya watu, na nyumba zimejengwa kuyazunguka bila kuyaomba ruhusa. Jabali la Mama Zaituni lilipita paa la nyumba yake, na jiko lake lilikuwa na kuta tatu za tofali za udongo, ukuta wa nne ni jiwe lenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Upepo wa Singida hauna adabu. Ukiwasha kuni mahali pa wazi, moto unalala ubavu na sufuria inabaki imesimama peke yake. Nyuma ya jiwe moto ulitulia. Mama alipanga mafiga yake pale pale chini ya jabali, akagandisha maziwa ya kibuyu kwa joto lake, na kuku walijibanza hapo jua likizama. Mimi nilipewa kigoda cha pembeni, mgongo kwenye jiwe, na jioni nyingi nilikula ugali wa uwele na mlenda nikiwa nimepashwa moto kwa nyuma. Sijawahi kula vizuri zaidi ya hapo, na nimeshakula kwenye hoteli.

Jabali lilikuwa na gamba. Upande wa jiko, kipande kipana cha jiwe, unene wake kama godoro na urefu wake kumpita mtu mzima, kilikuwa kimeanza kuachana na jiwe mama. Juu na chini kilikuwa bado kimeshikamana, lakini ubavuni kulikuwa na ufa ulioweza kuingia kisu. Na kweli kiliingia kisu. Mama Zaituni alichomeka humo kisu chake cha kukatia vitunguu, chanuo la Zaituni, na kijiko chembamba cha chai. Hilo ndilo lilikuwa kabati lake la vyombo. Siku ya kwanza niliyotaka kumsaidia kupika asubuhi, nilivuta kisu kikakataa. Nikavuta kwa mikono miwili. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Acha, Mwalimu, utajikata. Jiwe linauma kisu asubuhi. Mie hukitoa jioni, likiwa limelegea." Alisema hivyo kama mtu anayekueleza tabia ya mbuzi wake. Nilikiacha, tukakatia vitunguu panga, na njia nzima ya kwenda shuleni nilikuwa nawaza kuhusu lile neno, kulegea.

Kidato cha tatu tulikuwa tumefika kwenye unyumbufu, yaani namna vitu vinavyovutika na kurudi. Springi za maabara zilikuwa zimevutwa na wanafunzi wa miaka iliyopita mpaka zikawa nyaya tu zilizopindapinda, kwa hiyo nilinunua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaikata vipande virefu, tukaning'iniza mifuko ya mchanga. Niliwaeleza kwamba mkazo ni kani, yaani nguvu, unayoigawa kwa eneo linaloibeba, ndiyo maana kisigino chembamba kinatoboa mkeka ambao kandambili inaukanyaga bila madhara. Nikawaeleza kwamba mnyumbuko ni kiasi ambacho kitu kimerefuka au kimefupika ukikilinganisha na urefu wake wa mwanzo. Nikasema kila kitu kigumu hufanya hivyo, chuma, mfupa, hata jiwe. Darasa lilicheka nilipotaja jiwe. Watoto waliokulia katikati ya majabali walikuwa tayari kuamini habari za atomi ambazo hawajaziona, lakini si jiwe linalonyumbuka. Nikawaambia linanyumbuka, ila kidogo mno, na ukiliachia linarudi lilipokuwa, alimradi hujalipitisha kikomo chake. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mbishi kuliko wote, aliinua mkono. "Mwalimu, sasa mtu anajuaje amefika kikomo kabla hajakipita?" Nilimwambia unaondoa mzigo, unaangalia kama kitu kimerudi. Kisiporudi, ulishapita. "Basi unajua ukiwa umeshachelewa," alisema. Nilimwambia akae. Mwalimu mgeni aliyeshindwa na swali huwa mkali.

Wiki hiyo niliokota rula ya mita ya mbao iliyovunjika darasani, nikaichonga kwa kisu na kuisugua kwa msasa mpaka ikawa kabari ndefu, upande mmoja mwembamba kama jani, unene ukiongezeka polepole kuelekea upande wa pili, namba zake bado zinasomeka. Niliipeleka jikoni kwa Mama Zaituni nikamwomba ruhusa ya kuiingiza ufani. Nilimweleza kwamba ufa ukipanuka hata kwa kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kuona, ubao utazama ndani zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Alinisikiliza huku anapepeta mtama. "Yaani unataka kulipima jiwe ulimi?" alisema. Tangu siku hiyo ile rula ikaitwa ulimi, na ilikuwa ikining'inia darini kwenye moshi, maana ubao ukipata unyevu unavimba na unadanganya. Asubuhi kabla ya moto niliingiza ulimi mpaka ukakwama, na hapo Zaituni akanichorea mstari kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Jioni, jiwe likiwa limekunywa moto wa kutwa, ulimi ulizama kupita mstari. Kesho yake asubuhi ulirudi palepale kwenye wekundu. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Upande wa gamba unaoelekea moto ulikuwa unatanuka kuliko upande wa ndani, gamba likajipinda kidogo, ufa ukafunguka. Likipoa likarudi na kuuma kisu. Niliwapeleka kidato cha tatu wakaone. Mama Zaituni aliwapikia uji wote, akawafundisha yeye mwenyewe namna ya kuingiza ulimi bila kuulazimisha, na yule msichana mbishi akaomba kurudia.

Nilisema jiwe lilirudi kwenye mstari. Lilirudi kwa wiki kadhaa, halafu likaanza kurudi kasoro. Mwanzoni nilidhani nimesoma vibaya. Mvua zilikuwa zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza kuuma, na kwa hesabu yangu jiwe lilipaswa kujibana zaidi, siyo kulegea. Lakini asubuhi ulimi ukazidi wekundu kwa upana wa ukucha, baadaye kwa upana wa kidole. Mama naye alikuwa ameona kwa njia yake. Siku moja nilimkuta anagonga kitu ufani kwa mchi. Kisu kilikuwa hakikai tena, alisema, kinaanguka kila saa, juzi kimedondokea karibu na mguu wa mtoto wa jirani. Kwa hiyo alikuwa anakikaza kwa kokoto. Alichagua kokoto nyembamba, akazisokomeza jioni ufa ukiwa wazi, na kisu kikakaa vizuri. Kikilegea tena, anaongeza nyingine. Nilichukua tochi nikamulika ndani. Zilikuwamo kokoto zake, na mchanga, na maganda ya mayai, na punje za mchele, vyote vimeshuka mchana na kunaswa. Nilielewa papo hapo. Kila jioni ufa ulifunguka, kitu kikaingia. Kila asubuhi gamba likataka kurudi likakuta mahali pake pamejaa. Likasukumwa kutoka shinani mwake kidogo kidogo, na aliyekuwa analisukuma ni mama mwenye jiko, kwa nia njema kabisa, ili kisu kisimkate mtoto.

Nilimwambia. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, katikati ya maandalizi, maana Zaituni alikuwa ameposwa na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Wageni wangekuja kutoka Ikungi na Iramba, na sufuria kubwa za kuazima zingepangwa zote chini ya jabali, kwa sababu mwezi huo upepo huwa umechachamaa na hakuna mahali pengine uani ambapo moto unatulia. Watu wangekaa hapohapo pia, wapishi na watoto wanaongojea ukoko. Nilimwambia Mama Zaituni kwamba gamba likipata moto wa namna hiyo linaweza kuachia. Alinitazama kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniudhi. "Linaweza, au litaachia?" Nikasema linaweza. "Lini?" Nikasema sijui. "Mwalimu, mwanangu, mimi nimeolewa hapa jiwe lipo. Mama mkwe wangu amepikia hapa mpaka amezeeka. Wewe umekuja juzi na rula iliyovunjika." Hakusema kwa ukali. Aliniongezea mlenda.

Jioni ile, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, nilimsikia akiongea na jirani yake, Mama Neema, ng'ambo ya uzio wa mabua. Walianza kwa Kiswahili. Mama Neema alisema huyo mwalimu kwao hakuna mawe, ndiyo maana anaogopa. Watu wa namna hiyo mawe wanayanunua kwa lori. Wakacheka. Mama Zaituni akasema, "Hapana, si mwoga. Lakini hana uhakika. Akiniambia litaanguka, nitahama. Akiniambia halianguki, nitapika. Sasa ananiambia linaweza. Nifanye nini na linaweza?" Halafu wakaingia kwenye Kinyaturu, walikokwenda kila habari ilipofika penye utamu, nikabaki na kalamu nyekundu mkononi. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikaona kwamba ameuliza swali lile lile la yule msichana wa dawati la mbele.

Siku ya kuletwa mahari ndiyo iliyotuamulia. Walikuja wageni wachache, sufuria mbili tu, moto wa nusu siku. Kabla ya kuwasha, Mama aliniita jikoni. "Lete ulimi." Akauchukua yeye, akauingiza kwa mkono wake, akaweka alama ya masizi ulipokwamia. Wageni wakala, wakaondoka, moto ukazimwa, jiwe likapoa mpaka asubuhi. Alinigongea dirisha nikiwa bado nimelala. Nilimkuta amesimama mbele ya ufa na ulimi mkononi, na alikuwa hajawasha hata kibiriti. Aliuingiza tena. Ulipita masizi. Aliutoa, akaupangusa kwa kanga, akauingiza mara nyingine, taratibu, kama alivyowafundisha wanafunzi wangu. Ukapita tena. Alichota maji, akaanza kuosha vyombo, na mimi nikaenda kazini bila chai, maana chai hakuipika.

Siku ya harusi sufuria zilipangwa mbele ya nyumba, mahali pa wazi. Wapishi walipiga kelele. Mjomba wa Zaituni, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa shughuli, aliuliza mara mbili kama dada yake amechanganyikiwa. Mama Zaituni alisema moshi wa nyuma utaharibu mapambo. Hakutaja jiwe wala hakunitaja mimi. Kama angesema jabali la nyumbani kwake lina kasoro, habari hiyo ingefika kwa wakwe kabla ya bibi harusi. Basi upepo ukaja. Tuliegemeza mabati, yakaanguka. Tukazungushia mikeka, mmoja ukashika moto. Mwali wa moto ulilamba sufuria upande mmoja na kuusahau wa pili. Pilau iliungua chini na juu ikabaki na kiini, mchele unalia mdomoni, nyama yenyewe imeiva kwa bahati. Wageni walikula kwa adabu mbele yetu. Nyuma ya turubai niliwasikia wanawake wawili wa upande wa bwana harusi wakisema kwamba mwenye kuoza binti bila kujua kupika wali, binti mwenyewe atapika nini. Mama Zaituni alikuwa amesimama karibu nami na beseni la maji ya kunawa. Alisikia. Aliendelea kupita na beseni, mgeni hata mgeni, karibuni, karibuni. Na jiwe halikuanguka. Lilisimama pale nyuma siku nzima, baridi, kuku wanaparua chini yake, na nakiri kwamba nililiangalia nikitamani lidondoshe japo kipande.

"Jiwe lako limekula wali wangu, Mwalimu," aliniambia baada ya siku kadhaa. Ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia juu ya jambo hilo. Sokoni watu waliendelea kuutaja wali wa harusi ya Zaituni mpaka mvua zilipoanza, na kila ulipotajwa nilijisikia kupungua. Mama hakunifukuza, hakuninyima chakula, ila kigoda changu kilihamia mlangoni, mbali na jiwe. Mimi nilikichukua kama adhabu. Mwisho wa mwaka nikapata uhamisho, na asubuhi ya kuondoka alinifungia kuku na chupa ya mafuta ya alizeti, akanisindikiza mpaka stendi. Tukiwa tunangoja basi akasema, "Ulimi niachie." Nilikuwa nimeuacha darini tayari. "Lakini niambie mwisho wake ni wapi. Ule wekundu ni mwanzo. Mwisho ni wapi?" Nilimwambia sijui, hakuna anayejua mpaka jiwe lenyewe lionyeshe. Basi lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwambia achore mstari mwingine, upana wa viganja viwili kutoka ule wa kwanza. "Huo si mwisho wa jiwe, mama. Huo ni mwisho wa watu kukaa chini yake." Alitikisa kichwa polepole. Sikujua kama amekubali au ameniaga tu.

Nilifundisha unyumbufu kwa miaka yote iliyofuata, katika shule zenye springi na zisizo na springi, na kila mwaka mtoto mmoja aliuliza lile swali la kikomo. Sikumwambia yeyote akae. Niliwaambia habari ya jiwe, kisu na kokoto, na kwamba mhandisi hangoji kikomo. Anachora mstari wake mwenyewe mapema zaidi, kisha anakubali kuchekwa. Sikuwaambia habari ya wali. Mama Zaituni nilimpigia simu kila Idi, baada ya simu kufika, tukaulizana afya, mvua, wajukuu. Hatukuwahi kutaja jiwe. Mimi niliogopa kuuliza, na nilidhani yeye hataki kukumbushwa.

Nilifika Singida siku moja kabla ya arobaini. Mji umekua, bodaboda zimejaa stendi, na ule mtaa niliouacha na nyumba za udongo sasa una mageti. Jabali lilikuwa palepale. Zaituni alinipokea kwa kilio kifupi, akanipeleka chumba changu cha zamani, dirisha sasa lina kioo. Uani walijaa ndugu, vijana nisiowajua, na chini ya jabali kulikuwa na mafiga makubwa na majivu ya wiki nyingi. Nilimuuliza kama Mama alipikia hapo. Zaituni alishangaa. "Tangu ulipoondoka? Hata siku moja. Mama alipikia mkaa, kule mlangoni kwenye kigoda chako. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa huku nyuma. Kokoto zote alizitoa mwenyewe kwa waya. Hawa wageni wa msiba ndio wamewasha, wameshindwa na upepo, nami kwa majonzi sikuwazuia wala sijapima tangu azikwe." Kisha akasema kwamba mama yake alipima kila siku, asubuhi, kabla ya chai, mpaka miguu ilipomkatalia, na baada ya hapo alimtuma mjukuu na kumngoja kitandani amletee jibu. "Alisema, Mwalimu alinionea huruma nikamwona msumbufu. Alitaka akwambie mwenyewe. Kila Idi akikata simu alisema, nimesahau tena." Nilikuwa nimebeba miaka yote ile aibu ambayo mwenzangu hakuwa ameniwekea.

Asubuhi ya arobaini, kabla moto haujawashwa, Zaituni aliushusha ulimi kutoka darini. Ubao umekuwa mweusi, na mistari miwili ya rangi ya kucha inaonekana, mmoja umefifia, mwingine umepakwa upya mara nyingi. Tulisimama mbele ya ufa. Kulikuwa na kisu humo, cha mpini wa plastiki, na pembeni yake kokoto mbili mpya zilizogongwa kwa nguvu. Binti mmoja wa jikoni alisema shikamoo, akaeleza kwamba kilikuwa kinaanguka kwa hiyo wamekikaza. Niliweka mkono juu ya jiwe. Lilikuwa baridi. Niliuingiza ulimi bila kuulazimisha, ukapita mstari wa kwanza, ukaendelea, ukaugusa wa pili, ukaupita, na haukukwama. Nilimgeukia Zaituni. Sikuhitaji kusema linaweza wala litaachia. Alishageuka.

"Hamisheni moto," aliwaambia wapishi. "Pelekeni mbele ya nyumba. Na hapa asikae mtu, hata mtoto. Wiki ijayo naita wapasua mawe." Kijana mmoja, mpwa wa marehemu, alianza kulalamika kwamba upepo wa leo utaharibu chakula, masheikh wanakuja, watu watasemaje. Zaituni hakupandisha sauti. "Mama alisema ulimi ukipita hapa hatubishani." Kijana akainama akashika sufuria upande mmoja, mwingine akashika upande wa pili.

Upepo ulikuja kama ninavyoukumbuka. Mabati hayakutosha, kwa hiyo tulijipanga wanawake watu wazima, bega kwa bega, kanga zimetandazwa, migongo kwenye upepo na nyuso kwenye moshi, tukawa ukuta wa jiko. Mama Neema, ambaye sasa haoni vizuri, alisimama kushoto kwangu akinishika mkono, akauliza kama huyu ni yule mwalimu wa mawe, nikasema ndimi. Tulisimama mpaka sufuria zikaepuliwa. Dua ikasomwa, sinia zikapita. Wali ulikuwa umeungua chini na juu una kiini. Zaituni alitia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, tukasikia punje zikilia, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka.

"Wa harusi yangu huu," alisema.

Nilimaliza sinia yangu, nikaomba niongezwe.